Bwawa la Baba Mkwe

Mimi ni mtoto wa Kihesa, Iringa, na mdomo wangu haujawahi kupata likizo. Mungu naye ana utani wake: akanipa mume wa Kinyakyusa, milimani huku Mbeya, ambaye baba yake anashika ile mila ya zamani kwamba mke wa mwanawe asionane naye wala kusemezana naye. Wengi wameshaiacha. Yeye, wapi!

Shida ilikuwa bwawa. Alilichimba mwenyewe baada ya kufiwa na mkewe, akafuga kambare, na hao ndio waliomtoa kitandani kila asubuhi. Mimi nikapanda kabichi chini ya ukingo, maana maji ya kambare yana mbolea yake, kabichi zinafunga mpaka unaona raha. Basi tukawa tunapishana. Koti lake likiwa kwenye nguzo ya lango, yumo, nami nasubiri. Likiondoka, naingia kuchota maji. Siku nyingine nilikuta kambare kwenye ndoo yangu, amefunikwa jani la kabichi. Nami nilimwachia mboga juu ya jiwe. Miaka miwili tulipendana hivyo, na sauti yake niliijua kwa kikohozi tu.

Mwezi wa tatu mwaka huu mvua ikanyesha kama imetumwa. Mume wangu alikuwa Rujewa kufuata pumba za kulishia samaki. Mchana nikasikia mzee anapiga kelele, "Jamani! Bwawa linakwenda!"

Nikakimbia. Koti lilikuwa kwenye nguzo, nikasimama. Heshima ni heshima. Nikachungulia kwenye uzio: ukingo umekatika, na mzee wa watu amekaa kwenye pengo, anazuia maji kwa mgongo wake, midomo inatetemeka. Kambare wanampita ubavuni, wanajikokota kwenye nyasi kuelekea bondeni.

Potelea mbali! Nikajifunika kitenge uso mzima, nikaingia. Hatua ya tatu nikatumbukia bwawani mzimamzima.

"Mwanangu," nikasikia, "vua hicho kitenge. Utakufa maji kwa ajili ya heshima."

Nikavua. Nikashika viroba na jembe, nikaanza kujaza udongo wa karibu, na udongo wa karibu ulikuwa matuta yangu. Nikang'oa kabichi mstari kwa mstari. Mzee akawaka.

"Acha kabichi! Chukua udongo kule juu!"

"Kule mbali, baba! Baridi itakuua!"

"Iniue! Hizo umezihangaikia!"

"Nyamaza, baba!"

Ndiyo, hivyo hivyo. Mazungumzo yetu ya kwanza, na mimi namnyamazisha baba mkwe. Akanyamaza kweli.

Pengo lilipozibika nilimnyanyua kwa kumkumbatia, nikamkokota mpaka jikoni, nikachochea moto, nikampa chai ya tangawizi. Bwawani palibaki matope na kambare wachache wa kuonea huruma. Niliogopa ataniuliza habari zao. Niliogopa zaidi kwamba akishajua walivyobaki wachache, atarudi kitandani asiamke tena.

Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanitazama usoni.

"Kabichi zimebaki ngapi?"

Nikaangua kilio. "Hata moja, baba."

Akanywa chai kidogo, akafikiri.

"Basi kesho uamke mapema," akasema. "Nitakuwa nakungoja, tukapande."