Dirisha la Chumba cha Mama

Mama yangu mzazi alikuwa ananitoroka.

Sitanii. Kila siku akishakula chakula cha mchana, anajitanda mtandio, anachungulia sebuleni kama kuna mtu, kisha anapenya mlango wa jikoni. Jua likizama, huyo anarudi, anajifanya katoka kuanua nguo.

Mimi ni fundi wa madirisha ya vioo. Nyumba yangu ndiyo tangazo langu, na dirisha kubwa kuliko yote niliweka chumba cha mama. Linatazama barabarani, upande wa machweo. Mtu akipita lazima ageuze shingo.

Wateja wakija nilikuwa nawapeleka hadi chumbani kwake. Mama anawaambia, "Wanangu, humu ni raha tupu. Joto silijui." Hapo mteja hana ujanja tena.

Sasa alikuwa anakwenda wapi?

Kwa mdogo wangu wa kike, mtaa wa pili. Nyumba yake tuliipachika jina Ghala. Kuta nene, madirisha ya wastani, halafu imeipa barabara ubavu kana kwamba imenuniana na majirani. Nilimtania dada wa watu mpaka akazoea.

Maneno yakaanza mtaani. Eti mama kamkimbia fundi, eti mkwe anamnyima chakula. Mke wangu alilia. Mimi damu ilinichemka, nikaamini mdogo wangu ndiye anayemjaza mama sumu.

Asubuhi moja nikafunga mlango wa jikoni, nikafunga na geti, funguo nikatia mfukoni. Mimi na mke wangu tukaenda kushinda dukani kwetu. Mama nimemfungia kama kuku, na wala sikuona vibaya.

Siku hiyo umeme ulikatika. Kiyoyozi cha chumbani kwake, ambacho hata kikiwaka hakikulishinda jua la alasiri, kikabaki pambo.

Tuliporudi jioni nilimkuta amekaa sakafuni bafuni, ameegemea ukuta, shuka mbichi kichwani, midomo imekauka. Chumbani kwake jua lilikuwa limejaa mpaka kitandani. Nilipogusa godoro, lilikuwa la moto.

"Nilikuwa naoga tu, mwanangu," akasema.

Hata hapo alikuwa ananifichia aibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Zahanati walimtundikia dripu, wakasema akalale mahali penye ubaridi. Mdogo wangu alikuja, akamchukua kwenda Ghala. Nikawafuata nyuma kama mwizi aliyekamatwa.

Umeme haukuwepo huko pia. Hakuna feni, hakuna mashine yoyote, lakini nilipovuka mlango ubaridi ulinipokea. Mama alilala kabla hata hatujamfunika.

Nikauliza imekuwaje. Mdogo wangu akanieleza kwa sauti ya chini. Upande mfupi wa nyumba ndio unaopigwa na jua la jioni, na huko wameweka stoo na choo tu. Paa limetokeza nje hadi linayapa madirisha kivuli. Chini ya bati kuna tabaka nene la kuzuia joto. Hewa ya moto inatoka kupitia matundu ya juu, na usiku wanafungua madirisha nyumba ipoe, asubuhi wanafunga.

"Tulikueleza wakati unajenga, kaka," akasema. "Ulicheka."

Kweli nilicheka.

Asubuhi nilipiga magoti mbele ya mama, nikaomba radhi, nikaahidi kuliziba dirisha lile. Akatikisa kichwa.

"Mimi nimeshapona. Na wale uliowaleta chumbani kwangu? Nilisema uongo kwa ajili yako. Sasa nenda ukaseme kweli kwa ajili yangu."

Wote wale walinunua kwa sababu waliamini neno la mama mtu mzima. Mimi ndiye niliyeligeuza mtaji.

Nikaanza na mwalimu mmoja aliyekuwa ameweka dirisha kama lile chumba cha mtoto wake mchanga. Nilimkuta kibarazani anampepea mtoto kwa daftari. Shingo na mgongo wa mtoto vilikuwa vimejaa harara.

Nikamweleza yote. Nikamwambia nimekuja kupunguza kioo na kuweka kivuli kwa nje, bure. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamtazama mwanawe.

"Nilidhani ni sabuni," akasema. "Nimebadilisha sabuni mpaka nimechoka. Si mama yako alisema chumbani kwake hakuna joto?"

Nikafungua sanduku la zana, nikaanza kung'oa dirisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nyumba nyingine zinanisubiri, na huko pia najua nitaulizwa.

Ndugu yangu unayejenga, usianze kwa kuuliza nyumba itaonekanaje kutoka barabarani. Uliza jua la alasiri litaangukia chumba cha nani. Anayelala humo anaweza kukupenda mno hadi asikwambie.