Koti la Mvua la Kijani

Juzi dukani nilinusa koti jipya la mvua, harufu ile kali ya mpira, na kifua kikanibana kama zamani.

Masika moja nikiwa mtoto, shule ilikuwa inatupeleka kupanda vilima vya Pugu. Mama akanichukua hadi duka la ushirika, pale kwetu Temeke, akachagua koti la kijani. Akaivuta mishono yake, akaliinua kwenye mwanga.

"Ndugu, linazuia maji kweli?"

Muuzaji akacheka. "Mama, hata upepo haupiti. Tone moja hutaliona ndani."

Kule juu mvua ilitukuta na upepo wake. Koti likanywa maji yote, likanigandia mwilini kama tambara la kudekia. Nikaugua nimonia, nikalazwa hospitali hadi nikabaki mbavu tupu.

Siku niliyoweza kutembea, Mama alinivisha koti lile, akabeba ndoo ya maji, tukaenda dukani. Tulikuta foleni ndefu ya sukari. Mama akanivua koti, akampa muuzaji.

"Vaa, ndugu. Ulisema halipitishi tone. Leo tuone wote."

Muuzaji akaanza kubabaika, lakini foleni nzima ikapaza sauti: "Avae! Avae!"

Akavaa. Mama akammwagia polepole kuanzia mabegani, kama anayeogesha mtoto. Maji yakapenya, yakatokea mikononi, yakachuruzika hadi viatuni. Watu walicheka wakishika matumbo. Yeye alitetemeka, macho chini.

"Yatosha, mwanangu?" Mama aliniuliza.

Nilimtazama yule mtu, nikavuta pumzi kwa shida.

"Bado, mama."

Mama akaenda bombani kujaza ndoo.