Firigisi Niliyoitema kwa Wakwe

Mimi si mtu wa kunyamaza. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa jiji, kazi ya kubishana na watu dirishani kutwa, na hata MS iliponishika miguu na kunitia mkongojo mkononi, ulimi wangu iliuacha. MS ni ugonjwa wa neva: kinga ya mwili hukugeuka na kushambulia ubongo na uti wa mgongo. Huo nilikwisha kuuzoea. Kilichonichokoza ni taya.

Maumivu hushuka ghafla upande wa kushoto, kutoka sikioni hadi kidevuni, kama mtu aliyegusa waya wa stima. Upepo wa Julai huyaamsha. Kunyoa ndevu huyaamsha. Daktari wa meno alinikagua akasema meno yangu ni mazima kuliko yake. Daktari wa neva akasema huenda ni MS, huenda siyo, picha hazionyeshi kitu. Majirani zangu, ambao hawahitaji picha, walitaka ning'olewe magego yote. Nikawaambia waanze na yao. Nikajifundisha mwenyewe: skafu shavuni, uji vuguvugu, mandazi ya kuchovya kwenye chai, kutafuna kulia. Uso wangu niliumudu, na najivunia hilo mpaka leo.

Mwaka jana kijana wangu alipata mchumba, ikabidi niongoze msafara wa kwenda kujitambulisha kwao Makadara. Sisi ni Wakamba, wao ni Waluhya. Baba wa msichana ni mstaafu wa reli. Mke wangu aliniambia niwaeleze mapema kuhusu taya. Nikakataa. Sikuwa naona haya. Nilijua tu kwamba wazee wakikaa kuzungumzia ndoa hupekua ukoo, wakauliza nani alikuwa na kifafa na nani alirukwa na akili, nami sikutaka mwanangu anyimwe mke kwa sababu ya shavu langu.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Nilisema, nikatania, wakacheka. Kisha chakula kikaja, na mbele yangu ikawekwa firigisi ya kuku, nzima, peke yake kwenye kisahani. Aliyekulia Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi ambako makabila yote huchanganyika, hahitaji kuelezwa. Kwa Waluhya, firigisi ni ya mwenye heshima zake. Mgeni akipewa anakula, na akiiacha ni kana kwamba ameikataa nyumba. Na katika kuku mzima hakuna nyama inayotaka taya kama hiyo.

Nikaiuma kwa upande wa kulia. Nikatafuna polepole, nikaanza kuamini nimeponea. Hapo ndipo maumivu yaliposhuka. Uso ukakunjamana, machozi yakanitoka, nikakitema kile kipande kiganjani mbele ya watu wote.

Baba wa msichana akaweka kijiko chini. "Mzee," akasema, kwa upole ambao ni afadhali angefoka, "kama uko na neno juu ya msichana wetu, sema. Lakini usitutemee firigisi."

Niliinua mkono kumwomba angoje. Niliogopa, nasema wazi, kuliko siku niliyoambiwa nina MS. Nikinyamaza, nimemkataa msichana. Nikisema, watamkataa kijana. Maumivu yalipoachia, nikaamua kusema.

"Msichana wenu sina neno naye," nikamwambia. "Neno liko kwa taya." Nikawaeleza yote, miguu, neva, madaktari wasiojua, hata majirani na magego. Sikumtazama mwanangu.

Nyanya wa msichana, aliyekuwa ameketi pembeni tangu tufike, akauliza swali lile lile nililolikimbia. "Huo ugonjwa ni wa kwenu? Kijana naye ataupata?"

"Mama, sitakudanganya. Daktari aliniambia haurithiwi moja kwa moja. Mtoto wa mgonjwa yuko kwa hatari kubwa kidogo kuliko wengine, lakini wengi hawaupati kabisa."

Nyanya akamtazama mwanawe, baba wa msichana. Mwanawe akautazama mlango wa jikoni. Msichana alikuwa amesimama pale, mikono imejaa unga wa ugali.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Kijana mwenyewe aliniambia kitambo, kabla hata hatujaanza kuongea mambo ya ndoa."

"Ulijua, na ukanyamaza?" baba yake akauliza.

"Hamkuniuliza, baba." Akamgeukia nyanya yake. "Shosho, mimi naolewa na mtu. Akigonjeka nitamwangalia, na nikigonjeka ataniangalia. Mkianza kunitafutia boma haina ugonjwa, mtanizeesha hapa."

Nyanya ndiye aliyecheka kwanza, akijipiga paja, na sebule nzima ikamfuata. Baba wa msichana alikuwa wa mwisho. Aliinuka, akavuta kiti chake hadi upande wangu wa kulia ili nisihitaji kupaza sauti, akaketi.

"Haya basi, mkwe," akasema. "Tulikuwa tumefika wapi?"