Waya Ambao Modeli Haikuujua

Kiwandani walimwita Mama Modeli, na jina alilipenda. Kwa miaka tisa alitunza modeli ya lifti za hospitali: lifti nzima ndani ya kompyuta, kila breki na kila waya, vyote vimeunganishwa. Ukibadilisha kitu kimoja, inakuonyesha vingine vitakavyoguswa. Aliiamini kama macho yake.

Siku ya kujaribu breki mpya, modeli ilishasema hakuna tatizo. Wakapakia mifuko ya mchanga, lifti ikapanda hadi juu ya mnara wa majaribio, umeme ukakatwa makusudi. Breki hazikushika. Lifti ilishuka ghorofa mbili nzima kabla breki ya akiba haijaikamata. Hakuna aliyeumia. Lakini wiki iliyofuata breki zile zilikuwa zifungwe kwenye lifti sita zinazobeba wagonjwa.

Fundi umeme mkuu, mume wa dada yake Mama Modeli, alifungua sanduku la nyaya akaenda moja kwa moja kwenye waya mmoja. Miaka minne nyuma, alipokuwa akiufunga, haukufika pale ulipochorwa kwenye modeli, akauhamishia mahali pengine. Breki za zamani hazikuathirika. Hizi mpya ziliutegemea. Badiliko lile aliliandika kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la mafundi, na mafundi wote waliifuata.

“Shemeji, tunakula meza moja kila Jumapili,” alisema Mama Modeli. “Miaka minne hukuniambia?”

“Nilidhani unajua. Modeli yenu ina nenosiri, mimi sina. Nani aliwahi kuniuliza?”

Mama Modeli alisimamisha kazi ya kufunga breki hospitalini saa ileile, kisha kwa siku tatu wakaipitia lifti wote wawili, shemeji na bisibisi, yeye na kompyuta. Walikuta tofauti thelathini na moja kati ya lifti na modeli. Kufikia ya ishirini, Mama Modeli alikaa sakafuni.

Baadaye watafiti wa chuo kikuu walikuja kuuliza wachunguze nini katika kazi hii ya modeli. Wenzake waliomba programu zenye kasi zaidi na michoro mizuri zaidi. Yeye alisema, “Tutafutieni namna ya kujua kile ambacho modeli haikijui. Na namna ya fundi kusikika ndani yake.”

Mtafiti mmoja alipekua orodha yake ndefu, akakiri kwamba hilo halimo.

Mama Modeli alimwomba arudie, kwa sauti ambayo wenzake wote wangesikia. Akarudia: halimo.