Siku Tatu za Kutafuta Pampu

Ile kompyuta tuliletewa ya msaada, na niliipenda kupita kiasi, nisifiche. Haikuwa na feni juu ya prosesa kama kompyuta za watu wote. Ilipozwa kwa maji, yakizungushwa na kipampu kidogo cha kuenea kiganjani. Mwaka ule Warundi walikuwa wanashushwa melini kutoka Kagunga kila kukicha, nasi ofisini kwetu Kigoma mjini tuliwaandikisha watoto waliopotezana na wazazi: nani kapelekwa kambini, nani yuko uwanja wa mpira, nani kalazwa. Orodha yote ilikuwa humo. Fomu za karatasi zililowa safarini, zikagandana kwenye maboksi, hazisomeki.

Jumatatu asubuhi kipampu kikafa. Mashine inawaka dakika mbili, inachemka, inajizima.

Siku hiyohiyo akaja mama mmoja wa Kirundi, miguu imemvimba. Binti yake wa miaka sita alipandishwa meli iliyotangulia pamoja na jirani, na huyo jirani naye hajulikani alipo. "Mwanangu, nitafutie umwana wanje, mtoto wangu," aliniambia. Nikamwambia akae barazani, mashine ikipona nitamwita. Akakaa.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Diski yenye orodha ilikuwa nzima. Ningeichomoa, nikaipachika kwenye kompyuta kuukuu ya karani wetu, robo saa tu, kazi imekwisha. Wenzangu hawakulijua hilo, fundi ni mimi. Mimi nililijua tangu Jumatatu. Lakini bosi alishatamka mbele ya watu kwamba mdude wenyewe urudishwe Dar, nami nikajigamba: "Niachie, bosi. Mpaka kesho inafanya kazi." Nilitaka kushinda, basi. Diski nikaiacha humohumo, nikaenda kutafuta pampu.

Gereji moja ya Rusimbi walinitolea pampu ya maji ya wipa kutoka kwenye gari bovu. Tuliijaribu kwenye ndoo. Loo, maji yaliruka mpaka kwenye bati, watu wakapiga makofi, na mimi nikachagua kwa hayo makofi. Pampu ya wipa imetengenezwa irushe maji sekunde mbili tatu, kioo kifutwe, ipumzike. Niliifunga Jumanne. Haikumaliza nusu saa, chumba kizima kikanuka plastiki iliyoungua.

"Eh, fundi, unataka kutuchoma?" karani akauliza. Nikamfokea bure. Yule mama alichungulia mlangoni, akarudi kukaa.

Jumatano nikaenda Bangwe kwa mzee mmoja anayekusanya samaki wadogo wa rangi, wale wa ziwani wanaosafirishwa kwenda kufugwa kwenye matangi ya vioo huko Ulaya. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Unataka inayoruka au inayodumu?" akaniuliza.

Akanionyesha ya kwake, imezama ndani ya tangi. Maji yalipanda shubiri moja tu. "Hii haina mbwembwe, lakini haijalala tangu mwaka jana. Ikilala, samaki wangu wamekwisha." Nikaona haya. Akanitolea nyingine kama hiyo, nikaichukua.

Nikaiunganisha kwa mpira wa petroli, nikajaza maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, ili isishike kutu, nikatandaza karatasi ya chooni chini ya kila kiungio. Mashine yenyewe sikuiwasha. Pampu ilitakiwa izunguke peke yake mpaka kesho yake, nione kama karatasi italowana. Nilifurahia kazi ile, Mungu anisamehe. Nilikuwa nainama kila mara kuipapasa karatasi huku napiga mluzi.

"Bado?" mama aliuliza nilipopita barazani.

"Bado kidogo, mama."

Alhamisi asubuhi karatasi ilikuwa kavu, nikaiwasha mashine. Ikawaka, ikatulia tuli bila kuchemka. Bosi akanipiga bega: "Wewe ni mtu hatari!" Nikamwita yule mama, nikaandika jina la binti yake, na jina likatokea pale pale. Wodi ya watoto. Anaharisha. Hospitali yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka pale barazani alipokaa siku zote tatu.

Nilimsindikiza. Alikuwa anatembea upesi kuliko mimi, na miguu yake ile. Muuguzi akafungua daftari, akashusha kidole polepole, kisha akanivuta pembeni. Mtoto amefariki jana alasiri. Alikuwa anamuulizia mama yake tangu Jumatatu.

Jana alasiri. Mimi napapasa karatasi ya chooni.

Muuguzi ndiye aliyemwambia, mimi sikuweza. Mama alikaa sakafuni. Nami nimesimama tu, sijui niweke wapi mikono. Halafu akainuka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema ameona kwa macho yake nilivyohangaika kwa ajili ya mwanawe, nikitoka na kurudi siku tatu juani, na kwamba hata ndugu zake wa damu wasingefanya hivyo.

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema.

Nikaitikia, "Amina."