Kwenda Kibamba Bila Tyubu

Sikuondoka Chang'ombe kwa kupenda safari. Mie ni mtu wa baraza yangu. Hata Ubungo nilikuwa naiona ni ughaibuni. Niliondoka kwa sababu ya neno la Ami Sefu.

Siku ya kupokea mahari ya mdogo wangu Zuhura baiskeli yangu ilipata pancha tatu njiani, nikafika Kibamba sahani zinaoshwa. Baba yetu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa kumwozesha ni mie. Ami akatangaza mbele za watu: siku ya ndoa, adhuhuri ikiswaliwa sijafika, atamwozesha yeye. Zuhura akainamia sufuria aliyokuwa akisugua.

Kila mtu akanishauri nipande basi. Nikakataa. Heshima iliyopotea kwa tairi itarudi kwa tairi.

Wakati ule magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kujaa mjini, na matairi yake hayana tyubu. Nikamuuliza jirani yangu Fundi Mlaki, ikiwa gari linaweza, baiskeli yangu ya resi ina dhambi gani? Tukaziba matundu ya spoku kwa utepe wa nailoni, tukachomeka valvu ya tyubu kuukuu, tukamimina ulimbo wa fenesi, ule wa kunasia ndege, tumeuzimua kwa mafuta ya taa. Pampu ya mkono ilishindwa kuyabana matairi kwenye rimu, ikabidi mashine ya upepo ya kituo cha mafuta. Hilo la pampu nililisahau upesi.

Siku ya ndoa, saa moja asubuhi, mke wangu akanitilia tyubu moja mkobani, juu ya kanzu. Nikaitoa, nikaitundika msumarini.

"Nikienda nayo nimeshawakubalia kina Ami," nikamwambia.

"Haya, bwana walii. Na maji ya kunywa, nayo utayakataa?"

Ubungo nilikanyaga msumari. Tairi likalia sss mara moja, ulimbo ukaziba. Nikasimama pale muda mrefu bila haja yoyote, ili mafundi wa viraka wanione vizuri.

Kimara niliupanda mlima kwa miguu, nikisukuma baiskeli. Mlima si kosa la tairi.

Mbezi, yapata saa nne na nusu, shimo moja likanikomesha. Tairi la nyuma likachomoka kwenye rimu, upepo wote ukatoka, ulimbo ukanirukia suruali. Nikapiga pampu, nikapiga tena. Tairi likawa linapumua tu kama mgonjwa. Nikatafuta nyasi za kulishindilia badala ya upepo, za pembeni zote zimechomwa moto. Nikamfikiria Zuhura na ile sufuria. Mkobani kilibaki kitu kimoja, kanzu niliyoolea mwenyewe. Nikaisokota kama kamba, nikaishindilia yote tairini, nikapanda.

Nilifika Kibamba adhana ya adhuhuri inaisha. Ami Sefu alikuwa mlangoni, kanzu imenyooka, kofia kichwani, uwalii umemkaa tayari.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Kanzu yako iko wapi?"

"Ndani ya tairi."

Akainama, akalibonyeza kwa kidole. "Basi si umetia tyubu."

"Sikutia tyubu, Ami. Nimetia kanzu."

Chumbani kwa bibi harusi tukasikia kicheko, kisha Zuhura akatuma neno kwamba walii wake ni kaka yake, hata akija na fulana. Ami akaitazama suruali yangu yenye ulimbo, akaguna, akaivua kanzu yake, akabaki na shati na kikoi. Nikaingia ndani ya kanzu ile, mikono ikinifunika vidole. Tukaswali, nikamwozesha mdogo wangu.

Kesho yake nilirudi Chang'ombe juu ya kanzu yangu, nikirushwa kila kokoto. Fundi Mlaki akaitoa vipande vipande, tukamimina ulimbo upya. Mpaka leo matairi yangu hayana tyubu, na Ami anajua.

Mkobani tu ndimo ninayo moja. Mke wangu akiuliza ya nini, namwambia ni ya kufungia mizigo.