Chumvi Iliyochelewa Obokote

Uani kwa Bulaimu, kule Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, palikuwa na mipapai mitatu. Matunda yake aliwaachia ndege na majirani. Yeye alikata majani tu. Mgeni aliyedhani mzee amepungukiwa akili aliambiwa angoje siku pipa la mawese litakaposhushwa. Siku hiyo Bulaimu alikata jani bichi, akatupa jani lenyewe na kubaki na kikonyo chake, kirefu na kitupu ndani kama mrija. Aliziba tundu la juu kwa kidole gumba, akauzamisha mrija hadi chini kabisa, akaachia kidole, akangoja pumzi tatu, akaziba tena na kuuinua. Alipoachia kidole juu ya kiganja, kilichokuwa chini ya pipa kikamwangukia mkononi. Yakiwa mafuta, kiganja kilikuwa chekundu. Yakiwa maji, muuzaji alianza kutafuta kofia yake.

Hakuzaliwa akilijua hilo. Miaka mitatu kabla ya uhuru, akiwa ameoa juzi, alipeleka furushi la nguo kijijini Obokote akarudi na pipa lake la kwanza. Alilichungulia juu, akaona wekundu, akaridhika. Mafuta hukaa juu na maji hukaa chini, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu wanaoishi kwa jambo dogo kama hilo. Aliliuza kwa mpika sabuni mmoja wa Kindu. Siku ya tatu mpika sabuni alikuja sokoni na debe, akamwaga maji miguuni pake mbele ya umati, akasema neno moja tu: mwizi.

Na sokoni Kindu mwizi hakuwa yule aliyetia maji. Alikuwa yule aliyekutwa nayo. Msimu mzima hakuna aliyenunua hata kitunguu kwa Bulaimu. Mkewe Mwanvua, mimba ikiwa miezi saba, aliuza vitenge vyake vya arusi kimoja kimoja, akivikunja vizuri kila asubuhi kana kwamba anavipeleka kufuliwa. Mtoto akazaliwa wa kike, wakamwita Hadidja. Bulaimu alimpakata, akaapa kwamba hilo alilolionja yeye, huyu hataliona hata kwa mbali. Mungu hakuwapa mwingine, na Mwanvua mwenyewe hakukaa sana duniani.

Sasa, wafanyabiashara wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Mtoto akitoka mara ya kwanza kwenda kununua mali porini, baba hutanguliza kifurushi cha chumvi kwa mwenyeji wa huko. Mwenyeji akikipokea anajua: huyu ni damu yangu, mtendee kama ungenitendea mimi. Ni mara moja tu. Safari ya pili mtoto huenda bila kinga, naye ajue mwenyewe. Hadidja alipofika miaka kumi na saba, Bulaimu alituma kifurushi kwa Nestor, mwenyeji wake wa Obokote. Safari ya pili akatuma tena. Ya tatu pia. Miaka minne alituma, kwa siri, mkononi mwa Donatien, dereva wa lori, ambaye karatasi za serikali zilikuwa zimembandika jina jipya la kizalendo lakini barabarani hakuna aliyelijua.

Na chumvi yenyewe miaka ile! Tangu maduka ya wageni yagawiwe wakubwa wa Chama, rafu zilibaki na vumbi na picha ya Rais ukutani. Kijiko cha chumvi kilikuwa zawadi ya kupeleka msibani. Bulaimu alikula sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, bila chumvi ili vifurushi visikatike, na Hadidja alipouliza, alisema daktari amemkataza.

Hadidja alirudi kila mara na mapipa safi na kichwa juu.

"Baba, Nestor alitaka vitenge kumi! Nikamukazia macho hivi, nikanyamaza. Akashuka yeye mwenyewe mpaka saba."

"Saba?"

"Saba! Weye ulikuwa unamulipa ngapi?"

"Mimi nilikuwa mujinga," alijibu Bulaimu, akatafuna sombe yake.

"Na ule murija wako, baba, uache kunipimia mafuta yangu. Ile njo ya wazee wenye woga. Mimi ninamutazama muntu usoni, ninajua."

Akina mama wa sokoni walikuwa wamempa jina: Jicho Kali. Bulaimu alilisikia likiitwa kutoka meza hadi meza, akalifurahia kama mtu anayefurahia nguo aliyoishona mwenyewe. Mara moja tu alimwambia achukue mrija safarini. Binti alicheka. Bulaimu hakusisitiza, kwa sababu angesisitiza ingembidi aeleze kwa nini nyuso zote za Obokote zilikuwa za kweli mbele ya binti huyo.

Mvua za mwezi wa kumi na moja ndizo zilizoharibu mambo. Donatien aliondoka Jumanne na kifurushi. Hadidja alifuata Alhamisi kwa lori lingine. Huko mbele, barabara ikiwa uji mtupu, lori la Donatien lilizama hadi ekseli. Lori la Hadidja likapita pembeni, limeinama kama mlevi. Donatien, matope hadi masikioni, alitoka chini ya gari akipunga kifurushi na kupiga kelele. Hadidja akampungia mkono, akaona ni salamu.

Yaliyofuata Bulaimu aliyapata vipande viwili, kimoja kwa dereva na kimoja kwa binti, na vipande vyenyewe vililingana, jambo lililomwondolea tumaini la mwisho.

Hadidja alipofika, Nestor alimtazama, kisha akatazama nyuma yake kwenye lori.

"Iko muntu anakuja nyuma yako?"

"Hapana. Niko peke yangu."

"Hakuna muzigo wa mbele? Hakuna salamu?"

"Salamu njo mimi mwenyewe, mzee."

Nestor alitabasamu, akaleta kiti. Alianzia vitenge tisa, na kabla Hadidja hajakaza macho alikuwa ameshuka hadi sita. Sita! Alimpa na kuku wa njiani. Pipa lilichunguliwa juu, likawa jekundu, likafungwa.

Kesho yake mchana wanapakia, Donatien akaingia kijijini, akaruka chini na kile kifurushi kilicholowa.

"Mzee Nestor! Bulaimu anakusalimia. Chumvi ya mutoto wake, kama siku zote. Tulilala kwenye matope."

Uso wa Nestor ulimshuka. Alikishika kifurushi kama kitu cha moto.

"Mwanangu," alimwambia Hadidja, "kwa nini hukusema chumvi iko njiani? Bashushe pipa hili. Nitakupa lingine."

"Hili liko na nini?"

Nestor alitazama vidole vya miguu yake. "Hili... hili njo la wageni."

"Na ile chumvi, amekuletea mara ngapi?"

"Mara zote. Tangu ulianza."

Wapakiaji walisimama. Mmoja alianza kucheka, akajikohoza. Nestor alikuwa keshaita watu walete pipa jingine, lakini Hadidja aliketi juu ya lile lake.

"Nimelinunua. Pakieni."

Alilileta hadi uani Mikelenge. Bulaimu alitoka kumpokea na maneno yake ya kawaida. Binti alipita moja kwa moja hadi kwenye mipapai. Alikata jani la mpapai, akalikwanyua, akazamisha kikonyo, akaziba juu kwa gumba kama aliyefanya hivyo maisha yake yote, kwa sababu tangu utotoni alikuwa ameona. Akaachia juu ya kiganja cha baba yake. Maji.

"Nilitaka kukuponyesha," alisema Bulaimu.

"Kuniponyesha na nini?"

Akamweleza habari ya debe sokoni, na mpika sabuni, na vitenge vya mama yake vilivyokunjwa asubuhi. Hakuwahi kumsimulia. Aliisimulia vibaya, akirukaruka, mkono wake mmoja bado umelowa.

"Sasa weye," alisema Hadidja, "uliumia mara moja, ukajua. Mimi miaka minne nilidhani ninaongea na bantu. Kumbe chumvi yako njo ilikuwa inaongea."

"Hukupata hasara hata siku moja."

"Nilipata jina, baba. Jicho Kali! Leo Obokote yote inacheka."

"Watasahau."

"Mimi sitasahau."

Akachukua kopo, akachuchumaa kando ya pipa, akaanza kuchota mafuta ya juu polepole, asitibue, mpaka alipofika kwenye maji. Hayo akayamwaga mtaroni. Mafuta yaliyobaki, yasiyofika nusu pipa, aliyapeleka sokoni na kutangaza kwa sauti kwamba sehemu nyingine ya pipa ilikuwa maji na kwamba yeye ndiye aliyeyabeba kutoka Obokote. Akina mama walimcheka hadi wakashikana mabega. Walinunua yote.

Wiki iliyofuata alifunga furushi la sabuni na vitenge.

"Unaenda wapi?" aliuliza Bulaimu.

"Kule Kama. Kwa wachimba dhahabu."

"Kule unajua nani?"

"Hakuna muntu."

"Mimi pia sina muntu kule."

"Njo maana ninaenda, baba."

Bulaimu alianza kumtajia mambo ya machimboni, na alikuwa nayo mengi. Binti aliinama, akamgusa mguu kwa heshima, akajitwika furushi. Kutoka mlangoni Bulaimu alimwona akishika njia ya kivukoni bila kugeuka, na hata huko kutogeuka kulikuwa somo alilomfundisha yeye: muuzaji akikuita, usigeuke.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Baada ya mwezi kimoja kikawa cha kuwekea magunia. Chumvi sasa ilikuwepo, hakuna wa kumtumia. Aliitia kwenye sombe, akaonja, akasukuma sahani. Jumamosi alienda kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, akafyeka nyasi za kando ya barabara pamoja na mtaa wote, maana pale angalau watu walizungumza. Donatien, aliyehamia njia ya Kama, alipita kila baada ya wiki mbili na kupiga honi.

"Mzee, iko kifurushi?"

"Hapana."

Ila habari alizipokea. Kwamba walimwibia sabuni Hadidja usiku wake wa kwanza. Kwamba alibadilishana vitenge na unga wa dhahabu uliokuwa mchanga wa kung'aa. Kwamba alilala barazani kwa watu, na alikuwa amekonda. Siku aliyosikia la mwisho, Bulaimu alifunga mfuko, akatia chumvi, akashuka hadi mtoni. Lori la kwenda Kama lilikuwa ng'ambo, likingoja. Kivuko kilikuja, kikapakia, mwenye kivuko akamwita. Alisimama na mfuko wake mpaka maji yaliyosukumwa na kivuko yakatulia kwenye mawe. Kisha akarudi nyumbani, mlima ule, pole pole.

Hakutuma chumvi. Lakini baada ya Ramadhani, aliposikia binti ameanza kununua mawese ya watu wa Pangi, alishindwa. Alichukua mrija wake bora, mkavu, maana siku hizi hakukata tena jani bichi kwa kila pipa, alioulainisha kwa mafuta na kuutumia miezi miwili, akauzungushia kitambaa, akampa Donatien.

"Mwambie ni murija tu. Mwambie sikumutumia muntu yeyote neno."

Wiki mbili zikapita. Honi ikalia. Donatien akashuka na kitambaa kile kile.

"Ameurudisha?"

"Ameurudisha, mzee. Anasema utazame kule juu. Umepasuka, unavuta upepo. Anasema ukipima na huu, maji yanaanguka njiani, unaona mafuta tu. Watakukula."

Bulaimu aliziba ncha moja, akapuliza nyingine. Pumzi yake mwenyewe ikamgusa kidole, kwenye ufa mwembamba kama unywele.

"Na yeye anatumia nini?"

"Amepanda mipapai nyuma ya nyumba yake. Anaomba majani kwa jirani mpaka yake ikue. Anakata mabichi, kila pipa na lake."

"Nyumba yake?"

"Chumba na baraza."

"Hakusema kitu kingine?"

"Hapana."

"Chumvi anayo?"

"Nilimuuliza. Anasema iko nayo."

Donatien alikuwa na abiria juu, akaondoka.

Kulikuwa na pipa moja uani, alilolinunua wiki iliyopita kwa mtu mpole sana wa Kibombo, na kulipima kwa mrija mwingine wa rika lile lile. Bulaimu alikata jani bichi. Gumba juu, chini kabisa, pumzi tatu. Akaachia juu ya kiganja.

Yalikuwa maji, safi, ya baridi.

Alicheka, kwa nguvu, kama alivyokuwa hajacheka tangu Mwanvua alipokuwa hai, akageuka kumwambia mtu. Uani palikuwa na mipapai mitatu na kuku wa jirani. Akaingia ndani, akatoka na kopo, akachuchumaa kando ya pipa, akaanza kuchota mafuta ya juu, taratibu, asiyatibue, kama alivyomwona binti yake akifanya.